Kuosha magurudumu ya gari lenye breki za kaboni-seramiki bila kuziharibu

Kijana ninayefanya naye kazi hapa Nakuru alinijia ameshika chupa ya dawa ya choo. “Mzee, hizi rimu zimegoma kabisa. Nizipige na hii?” Gari lenyewe lilikuwa Porsche, limetoka Kisumu asubuhi hiyo likielekea Naivasha kwa Safari Rally. Tope jekundu la Kericho lilikuwa limefika hadi milangoni, na nyuma ya rimu kalipa za manjano, vile vishikio vinavyobana pedi kwenye diski ya breki, zilikuwa zikichungulia. Nilimnyang'anya chupa kwanza, maelezo yakafuata. Mwongozo huu ni yale maelezo, nimeyarefusha kwa ajili ya mwenye gari la aina hiyo na kwa anayeachiwa ufunguo wake aende akalioshe.

Jambo kubwa nalisema mapema. Unachoosha ni rimu. Diski ya breki, lile duara lililo nyuma ya rimu, haitaki chochote kutoka kwenye ndoo yako isipokuwa maji safi. Karibu kila hasara niliyoiona kwenye breki hizi ililetwa na mtu aliyekuwa akijaribu kuzing'arisha.

Hakikisha kwanza ni breki gani

Neno “seramiki” limetuchanganya sana mitaani. Kuna pedi za seramiki, zile zinazouzwa kwenye maduka ya vipuri kwa ajili ya Premio au Forester. Hizo hubana diski za kawaida za chuma. Kuna kotingi ya seramiki, ile kinga inayopakwa juu ya rangi ya gari. Halafu kuna diski zenyewe zilizotengenezwa kwa kaboni na seramiki, na hizo ndizo tunazozungumzia hapa. Mtu akikuambia gari lake lina seramiki, muulize seramiki ipi.

Diski hizi huanza kama nyuzinyuzi za kaboni zilizochanganywa na gundi, zikakandamizwa hadi zikapata umbo la diski, kisha zikaokwa mahali pasipo hewa mpaka gundi nayo igeuke kaboni. Baadaye silikoni huyeyushwa kwa joto linalopita nyuzi 1,400 za Selsiasi, hunyonywa ndani ya kaboni hiyo na kuungana nayo. Kinachotokea huitwa silikoni kabaidi, kitu kilekile kigumu kinachotumika kwenye msasa na mawe ya kunolea. Unapata diski yenye uzito wa karibu nusu ya ile ya chuma, isiyoshika kutu, wala kulegea upesi kwa joto la mteremko mrefu. Lakini ugumu si ustahimilivu wa kugongwa. Sahani ya udongo ni ngumu kuliko ya plastiki, na bado ndiyo inayomeguka ukiiangusha.

Utaitambuaje? Rangi ya kalipa husaidia. Porsche ilizileta diski hizi mwaka 2001 kwenye 911 GT2, na tangu hapo kalipa ya manjano imekuwa alama yake, ingawa siku hizi mteja anaweza kuagiza nyeusi. BMW za M hutumia rangi ya dhahabu. Audi na Mercedes-AMG huandika jina la breki juu ya kalipa yenyewe. Jihadhari na kalipa nyeupe kwenye Porsche mpya kama Cayenne: hizo ni diski za chuma zilizofunikwa kwa tabaka jembamba la tangsteni kabaidi, zinang'aa kama kioo, na si kaboni-seramiki.

Rangi, hata hivyo, mtu yeyote anaweza kuipaka kwa kopo la kupulizia, kwa hiyo mimi huamini zaidi vipimo viwili. Osha gari jioni, liache lisimame, asubuhi uchungulie: diski ya chuma itakuwa na wekundu wa kutu usoni, ya kaboni-seramiki itabaki ya kijivu kama ulivyoiacha. Au chukua sumaku ndogo, hata ile ya spika mbovu, uifunge kwa kitambaa laini na uisogeze taratibu kwenye uso wa diski iliyopoa. Chuma kitaivuta. Kaboni-seramiki haina habari nayo.

Fanya uchunguzi huu hata kama muuzaji amekuapia. Magari yetu mengi hushushwa Mombasa yakiwa yametumika kwingine, na karatasi zinazokuja nayo hazisemi breki zilibadilishwa lini. Diski nne mpya za aina hii huweza kupita dola 10,000. Hiyo ni Probox, tena yenye hali nzuri.

Vitu vinavyoziumiza

Dawa ya choo aliyoibeba yule kijana ni asidi. Ndiyo, inatoa madoa. Inatoa pia ngao ya varnishi iliyo juu ya rimu, inachimba alumini pale ambapo varnishi imepasuka, na ikichuruzika kwa ndani inakuta kikombe cha katikati cha diski na bolti zake. Watu husahau kwamba diski isiyoshika kutu imefungwa kwenye kikombe cha alumini au cha chuma, na kwamba kikombe hicho hakina ukaidi wa kaboni. Dawa kali za kusafishia rimu zinazouzwa kwenye mitungi isiyo na lebo ni mbaya zaidi. Baadhi ya dawa za namna hiyo huwa na asidi ya haidrofloriki, ambayo hupenya ngozi bila kuunguza mara moja, kisha huanza kupambana na kalsiamu ya mwilini. Imewahi kuua watu. Muuzaji asipoweza kukuambia ndani mna nini, mrudishie mtungi wake. Ikikugusa, osha kwa maji mengi yanayotiririka, nenda hospitali hata kama huhisi maumivu, na utaje kwamba ni asidi ya rimu.

Sabuni ya maji ya kupima nayo ina mambo yake. Nimeichanganya mwenyewe miaka ya nyuma, kwa hiyo sizungumzi kwa kusikia. Ndani mna ufacid na ungerol, kemikali za kusafisha na kutoa povu, soda ash, rangi, manukato, kisha chumvi ili iwe nzito. Hiyo chumvi ndiyo inayofanya mteja aseme sabuni ni “kamili”, na ndiyo hiyo inayobaki kwenye mifereji ya bolti na kuila alumini polepole. Kwa vyombo na sakafu, endelea nayo. Kwa magurudumu haya, hapana.

Mafuta ni adui wa tatu. Pedi na diski zikilowa dizeli, mafuta ya taa, polishi ya tairi au nta, breki hupungua nguvu, na pedi iliyonyonya mafuta haioshwi ikatakata. Desturi yetu ya kupuliza dizeli chini ya gari ili “ling'ae” iishie kwenye lori.

Adui wa nne ni kugongwa. Nitamrudia nikifika kwenye kutoa gurudumu.

Vitu vya kuandaa

Ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia brashi. Shampuu ya gari yenye pH ya katikati, yaani 7 au karibu nayo, lebo husema. Brashi yenye nywele laini ya kuingia kati ya mikono ya rimu, nyingine nyembamba ndefu ya kufika nyuma, na mswaki wa zamani kwa ajili ya mashimo ya bolti. Vitambaa vya maikrofaiba vya aina mbili, vya rimu na vya mwili wa gari, visichanganywe kamwe. Glavu. Mpira wa maji au mashine ya presha. Waya wa kusugulia sufuria hauna kazi hapa, wala msasa, wala kile kiraka cha gunia kinachopendwa na wengi.

Kuna dawa inayogeuka zambarau ikikutana na unga wa chuma, na hunuka kama yai viza. Kwa gari la breki za chuma ni ya thamani, kwa sababu unga mwingi unaoganda kwenye rimu ni wa diski yenyewe. Kwa kaboni-seramiki unga ni mchache sana, basi utapulizia chupa nzima na kuona zambarau kidogo hapa na pale, labda kutokana na pedi au chembe zilizorushwa na lori mbele yako. Usiinunue kwa ajili ya gari hili. Kama tayari unayo, ipake kwa brashi kwenye sura ya rimu tu, usiiache ikauke.

Hatua ya kwanza: gari lipoe

Ukitoka Kericho kwenda Ahero unashuka karibu mita elfu moja. Kutoka Timboroa hadi Nakuru nako ni kushuka, na barabara ya Nandi Hills kwenda Chemelil haina huruma kwa mguu wa breki. Diski za kaboni-seramiki huvumilia joto hilo kuliko za chuma, lakini maji ya baridi yakizipata zikiwa zinachemka, si zenyewe tu zinazostuka: kalipa, mipira inayozuia maji ndani yake, rangi ya kalipa na kikombe cha alumini vyote vinapata mshtuko. Na sabuni ikikaukia kwenye rimu ya moto huacha alama ambayo baadaye utaitafutia asidi.

Endesha kilomita mbili tatu za mwisho kwa upole, bila kukanyaga breki ovyo, hewa izipoze. Kisha egesha kivulini, nusu saa kwa safari ya kawaida ya mjini, saa nzima kama umeshuka mlima. Ili kupima, dondoshea matone mawili ya maji kwenye mkono wa rimu, si kwenye diski. Yakichemka, kanywe chai kwanza.

Simamisha gari pahali tambarare, gia iwe kwenye P, na weka vigingi kwenye magurudumu usiyoyaosha.

Hatua ya pili: toa vumbi na tope kwa maji peke yake

Hapa ndipo watu wa Nakuru na watu wa Kisumu wanapopaswa kuachana njia, kwa kuwa uchafu wao si mmoja.

Vumbi la Nakuru ni jepesi, jeupejeupe, na sehemu yake ni majivu ya volkano ya zamani. Wengi husema hata jina la mji limetokana na neno la Kimaasai lenye maana ya vumbi. Ndani ya majivu hayo mna vipande vidogo mno vya kioo cha volkano. Ukipangusa rimu kavu kwa kitambaa, hata kiwe laini namna gani, umeisugua kwa msasa mwembamba. Utaona mikwaruzo ya mviringo jua likipiga. Vumbi hili halipanguswi. Huelekezewa maji mpaka literemke lenyewe.

Tope jekundu la Kericho na Kakamega lina rangi inayoshika, hasa kwenye rimu za rangi ya fedha. Likiwa bichi linatoka bila ubishi. Likilala siku tatu, jiandae kulilowesha mara mbili au tatu. Tope jeusi la uwanda wa Kano ndilo gumu kuliko yote. Hujibandika ndani ya pipa la rimu, yaani ule mviringo mpana wa ndani, likakauka kama tofali upande mmoja. Siku inayofuata usukani unatetemeka ukifika kilomita 80 kwa saa, na mwenye gari anakimbilia kufanyiwa balansi. Mara nyingi dawa yake ni mpira wa maji na subira. Usilichokoe kwa bisibisi, maana bisibisi ikiteleza inatua kwenye diski. Pia chunga vile vipande vya uzito wa balansi vilivyogandishwa ndani ya rimu; ukiving'oa pamoja na tope, ndipo utakapohitaji balansi kweli.

Anza juu ya gurudumu ushuke. Kama unatumia mashine ya presha, simama mbali, angalau sentimita 40, na utumie mdomo unaotawanya maji kama feni, si ule wa sindano. Usiuelekeze moja kwa moja kwenye mipira ya kalipa, kwenye waya za sensa wala ukingoni mwa diski. Presha kali inasukuma maji na mchanga mahali ambapo mtengenezaji alikusudia pakae pakavu. Kwa matundu yaliyotobolewa kwenye diski, mtiririko wa mpira wa kawaida unatosha. Usichomeke chochote ndani yake.

Maji machafu yasielekee kwenye mtaro wa barabara kama unaweza kuyazuia. Ziwa Nakuru halina mto unaotoka ndani yake, na kinachoingia kinabaki humo.

Hatua ya tatu: sabuni, gurudumu moja kwa wakati mmoja

Changanya shampuu kwa kipimo kilichoandikwa. Povu likizidi kipimo, kinachoongezeka ni kazi ya kusuuza. Chovya brashi, ikung'ute kidogo, kisha anza na pipa la ndani. Ndani kwanza, kwa sababu uchafu wake utachuruzika kwenye sura uliyokwisha kuisafisha ukianza na nje. Zungusha brashi nyembamba taratibu kati ya mikono ya rimu, na uhakikishe kishikio chake kimefunikwa kwa plastiki au mpira mpaka mwisho. Brashi zenye waya wa chuma uliochomoza kwenye ncha zimekwaruza diski nyingi.

Brashi itaigusa diski? Bila shaka itaigusa, nafasi ni ndogo. Nywele laini zenye shampuu nyepesi hazitaidhuru, ilimradi usuuze vizuri. Usichopaswa kufanya ni kuamua kuisugua diski kwa makusudi kwa sababu unaona ina rangi ya kijivu isiyong'aa au mistari midogomidogo kama ardhi iliyokauka. Ndivyo zilivyo. Mtandao wa mistari hiyo hutokana na jinsi zilivyotengenezwa, na ule weusi mwembamba usoni ni tabaka la pedi ambalo breki inalihitaji ili ishike.

Kalipa ioshwe kwa brashi laini na shampuu ileile, hasa kalipa za manjano ambazo hazifichi kitu. Mswaki uingie kwenye mashimo ya bolti. Sura ya rimu umalizie kwa kitambaa chenye povu. Suuza brashi kwenye ndoo ya pili kila mara kabla ya kuirudisha kwenye sabuni. Usipofanya hivyo unapaka majivu ya gurudumu la kwanza kwenye la pili.

Suuza gurudumu hilo kabla ya kugusa jingine. Jua la Kisumu saa saba mchana halingoji mtu amalize magurudumu manne.

Madoa yaliyogoma

Lami huwasumbua sana wanaopita mahali barabara inapotengenezwa. Weka dawa ya kutoa lami kwenye kitambaa, si kwenye rimu, bonyeza kitambaa kwenye doa nusu dakika, kisha pangusa kuelekea nje, mbali na diski. Osha tena kwa shampuu palepale, kwa kuwa dawa za lami huwa na mafuta ndani. Petroli kwenye kitambaa? Inafanya kazi, na inaharibu varnishi, na mtu mwenye sigara hupita karibu siku hiyo hiyo. Achana nayo.

Doa jingine ni la maji yenyewe. Visima vingi vya Nakuru na Bonde la Ufa kwa jumla vina madini mengi, floraidi ikiwemo, ile iliyowapaka watu wengi wa huku meno rangi ya kahawia. Maji hayo yakikaukia kwenye rimu nyeusi huacha vidoti vyeupe visivyotoka kwa sabuni. Siki nyeupe iliyozimuliwa kwa maji nusu kwa nusu huvitoa: lowesha kitambaa, kikamue kisidondoke, gusa doa, kisha suuza. Ni asidi hiyo pia, ingawa ni mpole, basi isitumike kwenye rimu isiyo na varnishi wala isifikie ndani ya gurudumu. Mimi naona heri kuzuia. Nina tangi la maji ya mvua, na suuzo la mwisho la kila gari jeusi hutoka humo.

Hatua ya nne: suuza, kausha, kisha endesha

Suuza mpaka uone umesuuza vya kutosha, halafu urudie. Sabuni iliyobaki kwenye matundu ya diski itakuja kupikwa na breki.

Rimu ikaushwe kwa maikrofaiba. Ukiwa na blowa, pulizia kwenye mashimo ya bolti na nyuma ya kalipa. Diski usiipanguse, maana kitambaa hicho kimepita kwenye rimu na hujui kimebeba nini. Itakaushwa na breki zenyewe.

Hatua ya kuendesha ndiyo inayorukwa na wengi, na ndiyo yenye hatari ya kweli. Diski za kaboni-seramiki zikiwa na utando wa maji, breki ya kwanza huchelewa kushika. Unakanyaga, na kwa nukta moja gari linaendelea kana kwamba halijakusikia. Fikiria hilo likikutokea unapotoka kuoshewa gari na kuingia barabara kuu ya Nakuru–Eldoret, lori likiwa mbele yako.

Kwa hiyo tafuta barabara tulivu, mathalani zile za Milimani, iwe ya Nakuru au ya Kisumu. Hakikisha nyuma hakuna mtu. Nenda kilomita 40 kwa saa na ukanyage breki kwa upole hadi mwendo ushuke nusu, uachie, urudie mara tano au sita. Utasikia mlio mkali mwanzoni, kama filimbi ya mtoto. Huo ni wa kawaida diski zikiwa baridi na mbichi, na hupotea. Ukihisi pedali imerudia hali yake, umemaliza. Mteja akija kuchukua gari nawe hujapata nafasi ya kulizungusha, mwambie kwa mdomo wako: “Mkubwa, breki zina maji, zikanyage polepole kabla hujatoka getini.” Usimwachie karatasi.

Kama gari litakaa siku kadhaa bila kutumiwa, bado fanya mzunguko huu. Diski haitashika kutu, lakini bolti za kikombe na vipande vya chuma vya pedi vinaweza.

Polishi ya tairi

Baada ya mzunguko, si kabla. Tia kwenye sponji, paka ubavu wa tairi, ngoja dakika kumi, pangusa inayozidi. Chupa ya kupulizia ifungiwe kabatini. Upepo kidogo tu, na nusu ya polishi iko kwenye diski.

Ikishatokea hivyo, usiendeshe gari ili “iungue yenyewe”. Mwagia diski maji mengi ya vuguvugu yenye shampuu, suuza, kisha uzijaribu breki kwa mwendo wa mtu anayetembea, mahali palipofungwa. Zikiteleza au zikivuta upande mmoja, gari hilo lipelekwe karakana kwa gari la kuvuta. Pedi zitabadilishwa. Ni hasara, lakini ndogo kuliko itakayofuata.

Kutoa gurudumu kwa usafi wa ndani

Mara mbili kwa mwaka, tuseme baada ya mvua ndefu na baada ya zile fupi, inafaa kuyatoa magurudumu na kuosha pipa lote. Kazi hii usimwachie mtu aliyezoea magari ya matatu.

Niliwahi kusimama kwenye karakana moja nikitazama vijana wawili wakitoa gurudumu la nyuma. Walifungua bolti zote tano kwa haraka, mmoja akavuta, rimu ikaning'inia kidogo kisha ikaangukia ukingo wa diski. Sauti yake haikuwa kubwa, kama kikombe kilichogonga sinki. Walipolirudisha nikaona ukingoni pamemeguka kipande cha ukubwa wa punje ya mahindi. Hakuna aliyesema kitu, na mwenye gari alikuwa akizungumza na simu.

Magari mengi ya Ujerumani na Italia yana bolti zinazoingia kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, hayana stadi (bolti zilizosimama kwenye habu) zilizochomoza kama Toyota, kwa hiyo bolti ya mwisho ikitoka rimu haina kitu cha kuishikilia. Ndipo inapohitajika pini ya kuongozea: kipande kirefu cha mviringo kinachofungwa kwenye tundu la bolti ya juu, rimu ikateleza juu yake moja kwa moja hadi nje. Magari mengi ya aina hii huja nayo kwenye mfuko wa vifaa. Ukipata mbili ni bora zaidi. Legeza bolti gurudumu likiwa chini, inua gari kwa jeki kwenye sehemu iliyoandikwa kitabuni, weka stendi, toa bolti ya juu na ufunge pini mahali pake, kisha zile nyingine. Watu wawili: mmoja abebe uzito wa gurudumu toka chini, wa pili alivute wima bila kuliinamisha. Kulirudisha ni kinyume chake, na bolti zikazwe kwa spana ya torki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kwa kipimo cha kitabu cha gari hilo, si kwa kurukia spana.

Gurudumu likiwa nje, tumia dakika tano kuangalia. Pitisha macho ukingoni mwa diski kutafuta palipomeguka, na usoni kutafuta mahali ambapo nyuzinyuzi zimeanza kuchomoza kama kitambaa kilichochakaa. Ukikuta lolote, piga picha na umwonyeshe fundi anayezijua. Watengenezaji wana vipimo vya mmeguko unaovumilika na usiovumilika. Kwenye kikombe cha katikati utaona namba zilizochongwa, na mojawapo huwa ni uzito wa chini unaoruhusiwa kwa diski hiyo, kwa gramu. Diski hizi huchakaa kwa kupoteza uzito zaidi kuliko unene, ndiyo maana fundi wake ana mizani. Nakili namba hiyo kwenye simu yako.

Angalia pia kati ya diski na ile sahani nyembamba ya bati iliyo nyuma yake. Barabara za maramu hupenda kuacha kijiwe hapo, na ukiondoka utasikia mkwaruzo kama sufuria inayoburutwa sakafuni. Kijiwe kikiingia siku nyingine ukiwa njiani, usiendelee nacho hadi mjini. Simama, rudi nyuma mita chache polepole, mara nyingi hudondoka. Kikigoma, gurudumu litoke kwa njia ileile ya pini, sahani ivutwe kwa vidole kidogo tu, na kijiwe kiangukie mkononi mwako.